Uzi: Hakuba, 17 Februari 1998. Dhahabu ya wanne iliyobebwa na watu 29

#1 Mkazi wa Matsumoto (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Miaka mingi nimekuwa msomaji wa kimya humu jukwaani. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumamosi iliyopita na sijapata mtu wa kulizungumza naye kwa Kiswahili.

Ninaishi Japani, mji wa Matsumoto, mkoa wa Nagano. Ukipanda treni ya njia ya Oito kuelekea kaskazini, mashamba ya mpunga kushoto na kulia, milima ikizidi kusogea, unafika mahali panaitwa Hakuba. Ukishuka na kutembea kuelekea mlimani unaona vilima viwili vya mchezo wa kuruka kwa skii, zile mbao ndefu za kuteleza kwenye theluji zinazofungwa miguuni, vimesimama bega kwa bega, kimoja kidogo, kingine kikubwa. Vilijengwa kwa ajili ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 1998. Mtu yeyote analipa kiingilio, anapanda kiti kinachoning'inia kwenye waya, halafu anaingia lifti ya ndani ya mnara mpaka pale wanapoanzia warukaji wenyewe.

Nilipanda na mwanangu wa miaka tisa. Huko juu sakafu ni ya chuma chenye matundu, ukitazama miguuni unaona miti iko chini yako. Mbele yako kuna njia mbili nyembamba kama reli zinateremka, kisha zinakatika. Baada ya hapo huoni kitu. Unaona paa za kijiji na bonde, basi. Mwanangu akanishika mkono akauliza, "Baba, wanajuaje kwamba huko mbele kuna ardhi?"

Bahati nzuri siku ile kulikuwa na mazoezi. Wakati wa kiangazi wanaruka juu ya majani ya plastiki yaliyomwagiwa maji. Kijana mmoja aliketi kwenye boriti ya kuanzia, akatazama chini, kocha akamshushia mkono, akajiachia. Kwanza unasikia mvumo kwenye njia, unazidi kukua. Halafu ghafla kimya. Kimya kile ndicho sikukitegemea. Yule kijana yuko hewani, amelala juu ya skii zake zilizofunguka kama herufi V, na hakuna sauti yoyote. Sekunde chache baadaye, huko chini kabisa, pwaa! Ametua kwenye plastiki iliyolowa.

Mchezo wenyewe mimi nauita kuruka kwa skii. Na nataka kuwasimulia mashindano ya timu ya wanaume yaliyofanyika kwenye kilima kile kikubwa tarehe 17 Februari 1998. Wengi wanaoyajua wanasimulia habari za mtu mmoja. Mimi naona wanasahau watu 25, na bila hao 25 hakuna hadithi. Nitashusha kwa vipande, niko kwenye simu.

#2 Baharia wa Tanga

Nimeweka kambi mkuu. Ila kwanza tuelekeze sisi wa pwani. Anayeruka mbali zaidi ndiye mshindi, si ndiyo? Na timu inaingiaje kwenye mchezo wa mtu mmoja mmoja?

#3 Mkazi wa Matsumoto (mleta uzi)

Swali zuri, na jibu lake ndiyo nguzo ya uzi huu, kwa hiyo vumilieni kidogo.

Umbali ni sehemu tu. Kila kilima kina alama yake inayoitwa K. Kilima kikubwa cha Hakuba kilikuwa na alama ya K kwenye mita 120. Ukitua hapo hasa unapata pointi 60. Kila mita unayozidisha unaongezewa pointi 1.8, kila mita unayopungukiwa unakatwa 1.8. Halafu kuna waamuzi watano wanaotazama ulivyotulia hewani na ulivyotua, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, magoti yamekunjwa, mikono imetandazwa. Kila mwamuzi anatoa mpaka pointi 20, ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, zinabaki tatu. Kwa hiyo umaridadi una pointi 60 nyingine.

Kwenye timu wako wanne. Kila mmoja anaruka mara mbili, jumla mara nane, na pointi zote zinajumlishwa.

Sasa shikeni hili. Mashindano ya timu yaliingia Olimpiki mwaka 1988 kule Calgary, na Finland ndiyo waliochukua dhahabu. Mwaka 1992 wakachukua tena. Katika Olimpiki hizo mbili, kila mzunguko zilihesabiwa alama za watatu bora kati ya wanne. Mmoja akiharibu, wenzake wanamfunika, alama zake zinawekwa kando kama vile hakuruka. Kuanzia 1994 huruma hiyo ikaondolewa. Wote wanne wanahesabiwa, na ukianguka wewe, tumeanguka sote.

Mzigo ninaotaka kuwasimulia umetoka hapo.

#4 Mama Wawili, Dodoma

Kumbe. Mimi nilidhani ni wa kujirusha tu na kuomba Mungu. Endelea baba, tunakusoma.

#5 Mkazi wa Matsumoto (mleta uzi)

Turudi nyuma miaka minne, Lillehammer, Norway, 22 Februari 1994. Timu ya Japani: Jinya Nishikata, Takanobu Okabe, Noriaki Kasai na Masahiko Harada. Nawaombeni mkumbuke majina haya manne, hasa la kwanza.

Japani haikuwa ngeni kwenye mchezo huu. Mwaka 1972 Olimpiki ilipofanyika Sapporo, Wajapani watatu walichukua dhahabu, fedha na shaba kwenye kilima kidogo siku moja. Yukio Kasaya ndiye aliyeshika ya juu, na ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Japani katika Olimpiki zote za baridi. Baada ya hapo miaka ikapita mikavu, bila dhahabu nyingine ya mchezo huu. Lillehammer ukame ulikuwa unaelekea kukatika.

Mzunguko wa pili Nishikata akaruka mita 135. Wenzake wakafuata vizuri. Alipobaki mrukaji mmoja tu kwa kila timu, Japani ilikuwa inaiongoza Ujerumani kwa zaidi ya pointi 50. Wajerumani walikuwa wamebakiza Jens Weissflog, mtu aliyekuwa na dhahabu tangu Olimpiki ya Sarajevo 1984. Weissflog akaenda mita 135.5. Hata hivyo Japani haikutikisika. Harada alihitaji mita 105 hivi, umbali ambao kwa mrukaji wa kiwango chake ni wa mazoezi. Ruko lake la kwanza siku hiyohiyo lilikuwa mita 122.

Akatua mita 97.5.

Ujerumani 970.1, Japani 956.9. Tofauti pointi 13.2. Gawanyeni kwa 1.8 mtaona ni mita saba na kidogo. Harada alichuchumaa kwenye theluji huku ameficha uso mikononi, na wenzake watatu wakamfuata palepale alipo. Nishikata, aliyeruka kama ndege siku ile, akavishwa fedha.

Kwa sheria ya 1992, ruko lile la mwisho lingewekwa kando na lisingehesabiwa kabisa.

#6 Kijiti

Mkuu, umenigusa pabaya. Naomba nichangie hili kisha niendelee kusoma.

Sekondari nilikuwa mkimbiaji wa tatu kwenye kupokezana vijiti, mita mia nne mara nne. Ngazi ya mkoa. Tulikuwa tunaongoza. Mwenzangu ananipa kijiti, mkono wangu umejaa jasho, kikateleza kikadondoka. Kilivyogonga kokoto nakisikia mpaka leo, na hii ni miaka kumi na minane. Hakuna aliyenilaumu. Mwalimu alinunua soda kwa wote, na mimi nikapewa yangu. Lakini ile soda haikushuka kooni. Nilitamani mtu anitukane angalau niwe nimelipa kitu.

Huyo Harada namwelewa kuliko unavyodhani.

#7 Mkazi wa Matsumoto (mleta uzi)

Kijiti, asante sana kwa kutuambia hilo. Pole ndugu yangu. Unachosema cha kutamani kulipa ndicho nilichokiona nilipokuwa nasoma habari za Harada, maana huyu bwana kwenye picha nyingi anatabasamu, na watu wakachukulia kwamba hajali.

Miaka minne Harada akaubeba mzigo ule. Na Olimpiki iliyofuata ikaja nyumbani kwao.

Hakuba, 1998. Kilima kidogo, Harada anaongoza baada ya ruko la kwanza. La pili linaharibika, anamaliza wa tano. Siku nne baadaye kilima kikubwa, ruko lake la pili linakwenda mita 136, mbali kiasi kwamba mitambo ya kupimia haikufika huko na watu wakangoja muda mrefu kabla umbali haujatangazwa. Shaba. Siku hiyohiyo kijana wa miaka 22, Kazuyoshi Funaki, akachukua dhahabu, na katika ruko lake la pili waamuzi wote watano wakampa 20. Watano wote. Hakuna aliyewahi kupewa hivyo kwenye Olimpiki kabla yake.

Kisha ikaja siku ya timu, tarehe 17. Wanaoruka ni Okabe, Hiroya Saito, Harada na Funaki, kwa mpangilio huo. Majina mawili ya Lillehammer hayapo. Kasai alikuwa ameshindana kwenye kilima kidogo akawa wa saba, lakini kwenye timu hakuchaguliwa, akawa mtazamaji. Nishikata aliumia mgongo kabla ya michezo, nafasi ikampita. Na huyu Nishikata ni mzaliwa wa Nozawa Onsen, mkoa huuhuu wa Nagano. Olimpiki imekuja mkoani kwao na yeye hayumo.

Harada alimwomba Nishikata fulana yake ya ndani akaivaa. Akamwomba Kasai glavu zake akazivaa. Akapanda mnarani akiwa amevaa vitu vya watu wawili walioikosa dhahabu kwa sababu yake.

Theluji ilikuwa inamwagika vibaya mno. Okabe akaruka mita 121.5. Saito akaenda 130. Uwanja umejaa bendera, watu makumi ya maelfu. Zamu ya Harada.

Mita 79.5.

Pigeni hesabu. Amepungukiwa mita 40.5 kufika kwenye K. Mara 1.8 ni pointi 72.9 za kukatwa kwenye 60. Yaani pointi zake za umbali zilishuka chini ya sifuri. Funaki akafuata na 118.5, na mzunguko wa kwanza ukaisha Japani ikiwa ya nne. Austria juu.

#8 Fundi Redio

Subiri kwanza. Mtu aliyeruka 136 juzi, leo 79.5 kwenye kilima kilekile? Hiyo tofauti si ya woga tu. Theluji inafanya nini hasa?

#9 Mkazi wa Matsumoto (mleta uzi)

Uko sahihi, si woga tu, na ndiyo maana inaniuma watu wanapomwita dhaifu.

Mrukaji anateremka mpaka karibu kilomita 90 kwa saa. Ule ukingo anaojirushia haupandi juu kama wengi wanavyofikiri, umeinama kuelekea chini. Kinachompeleka mbali ni kasi anayofika nayo pale, nguvu na wakati wa kujinyoosha, na upepo. Upepo wa mbele unamwinua kama tiara. Upepo wa nyuma unamkandamiza chini. Theluji mbichi ikijaa kwenye zile njia mbili anazoteremkia, skii zinashikwa, kasi inapungua. Kasi ikipungua kidogo tu, mita nyingi zinapotea huko mbele. Na theluji haishuki kwa usawa. Anayekutangulia njia yake imefagiliwa, wewe umeketi kwenye boriti inazidi kumwagika. Siku hizi kuna hesabu za kufidia upepo. Mwaka 1998 hazikuwapo. Unachokutana nacho ndicho chako.

Sasa ndiyo nafika kwenye watu wangu 25.

Mashindano yakasimamishwa. Theluji haikati. Jopo la waamuzi likawa linapima kama mzunguko wa pili ufanyike au ufutwe. Ukifutwa, matokeo ya mzunguko wa kwanza ndiyo ya mwisho. Japani ya nne, hakuna medali, na Harada anarudi nyumbani na 79.5 maisha yake yote.

Kila mashindano ya kuruka kwa skii yana warukaji wa kujaribu kilima. Wanaruka kabla ya washindani ili kukandamiza theluji kwenye njia na kuonyesha kwamba kilima ni salama. Hawana namba kwenye matokeo na hawapewi medali. Siku ile walikuwa 25. Mmoja wao alikuwa kiziwi. Mmoja alikuwa msichana wa sekondari, na hapo wanawake hawakuruhusiwa kushindana mchezo huu kwenye Olimpiki. Waliruhusiwa 2014, miaka 16 baadaye. Na mmoja wao alikuwa Jinya Nishikata.

Wakaambiwa waruke wote. Kwenye tufani ileile iliyowasimamisha mabingwa wa dunia. Kila mmoja anayeshuka anafagia njia kwa skii zake, na njia ikiteleza vizuri wa nyuma yake anaongeza kasi. Ila anguko moja baya lingewapa waamuzi sababu ya kufunga siku. Wakashuka mmoja baada ya mwingine, ishirini na tano, hakuna aliyeanguka. Nishikata aliivuka alama ya K.

Hebu fikirini huyu mtu yuko juu mnarani. Harada, aliyemkosesha dhahabu kule Lillehammer, yuko chini anasubiri, amevaa fulana yake. Nishikata akiruka vibaya, siku inaisha. Akiruka vizuri, anamfungulia mlango mtu mwingine akachukue kile alichokikosa yeye. Mimi niliposimama pale juu Jumamosi, ni yeye niliyekuwa namfikiria. Harada alinijia baadaye.

Waamuzi wakasema mzunguko wa pili upo.

#10 Mama Wawili, Dodoma

Nimesoma hapa mboga ikaungua. Lete mwisho baba, usituache hivi.

#11 Mkazi wa Matsumoto (mleta uzi)

Okabe, mita 137. Hakuna aliyekuwa ametua huko siku ile.

Saito, 124.

Harada. Akaketi kwenye boriti. Ukitazama picha za siku ile mdomo wake uko wazi kidogo, macho madogo kwa sababu ya theluji. Akashuka. Akapaa. Akaendelea kupaa, akapita alama ya K, akaendelea tu, mpaka mahali ambapo kilima kinaanza kuwa tambarare na kutua kunaumiza magoti. 137. Sawasawa na Okabe, mita 57.5 zaidi ya alizoruka saa chache kabla.

Alipofika chini alikuwa hawezi kusimama vizuri. Alikuwa analia na kuita jina la Funaki, Funaki, kama mtu anayeomba. Maana wa mwisho alikuwa bado yuko juu, na Harada alijua kuliko mtu mwingine yeyote duniani uzito wa kuwa wa mwisho.

Funaki, kijana wa miaka 22, akaruka mita 125, tulivu kama kawaida yake.

Japani 933.0. Ujerumani 897.4. Austria 881.5. Wanne wakaangushana kwenye theluji pale chini.

#12 Mpenda Haki

Hongera kwa simulizi, lakini niseme ukweli wangu. Wenyeji wako wa nne, theluji inamwagika, warukaji wa kujaribu ni wa nyumbani, watazamaji ni wa nyumbani, halafu jopo linaamua tuendelee. Ingekuwa Japani inaongoza, wangejaribu kwa nguvu hiyo? Sisi tumeona refa wa nyumbani mara ngapi kwenye mpira?

#13 Mkazi wa Matsumoto (mleta uzi)

Mkuu, hoja yako ni halali na nimeifikiria sana.

Nakubali kwamba wale 25 walikuwa na hamu ya kuona mashindano yanaendelea. Walikuwa Wajapani, na hawakuficha. Lakini tazama kilichofuata. Mzunguko wa pili haukuwa wa Japani peke yao. Wajerumani walikuwa na Sven Hannawald, Martin Schmitt, Hansjörg Jäkle na Dieter Thoma. Austria walikuwa na Andreas Widhölzl aliyekuwa na shaba ya kilima kidogo wiki hiyohiyo. Wote waliruka kilima kilekile, kwenye njia zilezile zilizofagiliwa. Japani iliwazidi Wajerumani kwa pointi 35.6. Kwa umbali hiyo ni karibu mita 20. Na ukumbuke ndani ya jumla ya Japani kuna lile ruko la 79.5. Liko mle, limehesabiwa, halikufutwa. Timu iliyobeba ruko la namna ile na bado ikashinda kwa tofauti hiyo, mimi naona ndiyo iliyokuwa bora siku ile.

Swali lako la "wangejaribu kwa nguvu hiyo" nalikubali lilivyo. Nguvu ile ilitokana na mapenzi. Kilima chenyewe kilithibitishwa na miili ya watu 25.

#14 Mpenda Haki

Hesabu ya 79.5 kubaki ndani ya jumla sikuwa nimeiona hivyo. Nimekuelewa.

#15 Wa Uasin Gishu

Salamu kutoka Kenya. Hakuba 1998 hata sisi tuna sehemu yetu, na nimeshangaa hakuna aliyeitaja.

Philip Boit, Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya baridi, alishindana Hakuba hapohapo, tarehe 12 Februari, siku tano kabla ya hayo mashindano ya timu. Mbio za skii za kilomita 10. Alikuwa mkimbiaji wa kawaida wa kwetu, akapelekwa Finland kujifunza theluji akiwa mtu mzima. Alimaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 baada ya mshindi. Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway, na alikataa kuondoka kwenda kuvishwa medali mpaka Boit afike. Akamkumbatia kwenye mstari. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Hilo jina liko Kenya hadi leo.

#16 Mkazi wa Matsumoto (mleta uzi)

Ndugu yangu, asante. Uwanja ule wa mbio uko kijijini hapohapo Hakuba. Mwanangu nilimwonyesha vilima tu, safari ijayo nitampeleka na huko nimsimulie habari za Boit.

#17 Fundi Redio

Niliwahi kusikia kwamba baada ya ushindi huo Wazungu walibadilisha sheria kuwabana Wajapani. Kweli au maneno ya vijiweni?

#18 Mkazi wa Matsumoto (mleta uzi)

Sheria ilibadilika kweli. Nia ya waliobadilisha ndiyo watu wanayobishania.

Zamani urefu wa skii ulikuwa urefu wa mrukaji ukiongeza sentimita 80. Baada ya Olimpiki hiyo ya 1998 ikawa asilimia 146 ya urefu wake. Mtu wa sentimita 165 aliyekuwa na haki ya skii za sentimita 245 akashuka mpaka 241 hivi. Mtu wa sentimita 185 aliyekuwa na 265 akapanda mpaka 270. Skii ndefu ni bawa kubwa. Kwa hiyo mfupi alikatwa bawa, mrefu akaongezewa. Wajapani wengi wa wakati ule walikuwa wafupi, na hapa watu wanalisema jambo hili kwa uchungu mpaka leo.

Mimi sikubali kwamba hilo peke yake ndilo lililowashusha. Miaka michache baadaye akaja Adam Małysz wa Poland, mtu wa sentimita 169, akachukua Kombe la Dunia mara tatu mfululizo, 2001, 2002 na 2003. Kwa sheria hiyohiyo.

Harada mwenyewe vipimo vilimfuata hadi mwisho. Olimpiki ya Turin, 2006, ana miaka 37, baada ya kuruka akapimwa uzito. Kwa urefu wa skii alizovaa alitakiwa awe mzito zaidi kwa gramu 200. Gramu 200, wakuu, ni bilauri moja ya maji. Akaondolewa. Akastaafu mwaka huohuo.

#19 Kijiti

Mkuu, naomba jambo moja kabla uzi haujapotea chini. Wale wawili wa fulana na glavu. Walipata chochote?

#20 Mkazi wa Matsumoto (mleta uzi)

Kasai hakuacha kuruka. Mwaka 2014, Sochi, akiwa na miaka 41, alichukua fedha ya kilima kikubwa, yake mwenyewe. Siku mbili baadaye akawa mrukaji wa mwisho wa timu ya Japani pamoja na vijana watatu, Reruhi Shimizu, Taku Takeuchi na Daiki Ito, wakapata shaba. Baada ya fedha alikuwa anacheka na waandishi. Baada ya shaba ya timu alilia hadharani, kwa sababu, alivyoeleza, alitaka wale vijana wapate medali.

Nishikata hakupata. Alichonacho ni fedha ya Lillehammer. Jina lake kwenye matokeo ya Hakuba halipo. Ukitafuta karatasi ya matokeo ya tarehe 17 Februari 1998 utaona timu na majina ya wanne wanne, lakini safu ya waliofagia njia haijawekwa.

Kijiti, wewe uliyesema soda haikushuka. Nimesoma post yako mara tatu. Harada alipovaa ile fulana, naona alikuwa anafanya hicho ulichotamani wewe kukifanya. Na yule aliyempa fulana ndiye aliyepanda mnarani kwenye tufani kumfungulia njia. Kama hao wenzako watatu uliokimbia nao bado mnawasiliana, wapigie.

#21 Kijiti

Wawili wapo. Mmoja ndiye aliyenipa kijiti siku ile. Namba yake ninayo, sijawahi kuizungumzia naye hiyo siku hata mara moja. Nitampigia kesho jioni akitoka kazini.

#22 Baharia wa Tanga

Mkuu mleta uzi, nina ndugu yangu yuko Nagoya, ananiuliza kama inawezekana kufika huko kwa siku moja akiwa na watoto.

#23 Mkazi wa Matsumoto (mleta uzi)

Inawezekana akiondoka asubuhi sana. Treni ya kuja Matsumoto, halafu abadilishe aingie njia ya Oito mpaka stesheni ya Hakuba. Avae viatu visivyoteleza kwa sababu ya ile sakafu ya matundu, na avae koti hata kama ni Julai, juu kule kuna upepo. Watoto awashike mikono kwenye ngazi za mwisho.

Sisi tunarudi mwezi ujao. Mwanangu anasema safari hii hataki kwenda juu, anataka tusimame chini pembeni ya alama ya K, amsikie mrukaji anavyotua.